Kushuka kwa Viungo vya Nyonga: Mambo Yanayoamua Mafanikio ya Upasuaji

1. Utangulizi

Yapo maradhi ambayo hayaui upesi wala hayatangazwi, lakini humpunguzia mtu raha ya maisha siku baada ya siku. Mojawapo ni kushuka kwa viungo vya nyonga, hali ambayo wananchi wengi huiita "kutoka kizazi". Mwanamke huhisi uzito chini ya tumbo, na baadaye huona au hugusa uvimbe unaojitokeza ukeni. Akisimama kwa muda mrefu au akiinua mzigo, uvimbe huongezeka; akilala, hupungua. Mkojo na choo huweza kumsumbua, kuketi huwa taabu, na tendo la ndoa huwa jambo la kuogopwa. Wengi hunyamaza kwa miaka, wakidhani kwamba wao peke yao ndio waliopatwa na hali hiyo.

Hali ikiwa kubwa, tiba mojawapo ni upasuaji. Lakini na tuchukue mfano wa kubuni wa wanawake wawili wa umri mmoja: mmoja anakaa Kibaha mjini, na mwingine katika kijiji cha mbali wilayani Kisarawe. Wote wamepasuliwa katika juma moja, kwa njia moja, na daktari mmoja. Baada ya miaka miwili yule wa kwanza ni mzima, lakini huyu wa pili uvimbe umemrudia. Je, tofauti hiyo imetoka wapi?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tutaona kwamba matokeo ya upasuaji huu hutegemea mambo matatu: mwili alio nao mgonjwa, kazi ya mpasuaji, na maisha yanayomngoja mgonjwa nyumbani. Tutaona pia kwamba neno "mafanikio" lenyewe lahitaji kupimwa kabla ya kutumiwa.

2. Viungo vya nyonga hushikiliwaje?

Ndani ya nyonga ya mwanamke mna viungo vilivyopangana kwa utaratibu: kibofu cha mkojo mbele, mji wa mimba na uke katikati, na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nyuma. Viungo hivi havikukalia mfupa, kwa kuwa upande wa chini wa nyonga uko wazi. Hushikiliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni misuli iliyotandazwa toka mbele hadi nyuma kama machela. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Cha pili ni kano na tando zinazoviunganisha viungo na kuta za nyonga.

Wataalamu wa fani hii hupenda kutumia mfano wa meli iliyofungwa gatini. Meli huelea juu ya maji, na kazi ya kamba ni kuizuia isichukuliwe na mkondo. Maji yakipwa kabisa, uzito wote wa meli huziangukia kamba, nazo hatimaye hukatika. Katika mfano huu meli ni viungo, maji ni misuli, na kamba ni kano. Misuli ikichanika au kulegea, kano hulemewa, hurefuka, na viungo hushuka. Yafaa tuukumbuke mfano huu, maana ndani yake mna nusu ya jibu letu: mpasuaji aweza kuzifunga kamba upya, lakini kuyarudisha maji si jambo rahisi.

Kisababishi kikubwa ni kuzaa kwa njia ya uke, hasa mtoto akiwa mkubwa, uchungu ukirefuka, au mtoto akivutwa kwa koleo. Umri huongeza tatizo. Hali kadhalika kupungua kwa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma, na udhaifu wa tishu unaorithiwa katika ukoo. Kisha huja msukumo wa mara kwa mara ndani ya tumbo. Mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni ya Pascal: msukumo unaotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea pande zote. Tumbo letu, ambalo limejaa viungo vyenye maji mengi, hufanya kazi karibu na kanuni hiyo. Mtu akikohoa, akijikamua chooni au akiinua mzigo, msukumo huenea hadi sakafuni, mahali palipo na uwazi.

3. Ukubwa wa tatizo nchini

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro, katika wilaya za Hai, Rombo na Same. Wanawake 1,195 walihojiwa, na 1,063 kati yao wakapimwa. Ilionekana kwamba asilimia 64.6 walikuwa na mshuko wa daraja la pili hadi la nne, na asilimia 6.7 walikuwa na mshuko mkubwa, uliopita mlango wa uke kwa sentimeta moja au zaidi. Mambo yaliyoandamana na mshuko huo ni pamoja na umri wa miaka 35 na zaidi, kuzaa mara tano au zaidi, kujifungulia nyumbani, kazi ya kilimo, na kubeba vitu vizito kwa saa nyingi kila siku.

Hapana budi kueleza maana ya "daraja". Kipimo kinachotumika duniani kilikubaliwa mwaka 1996. Mganga humwomba mgonjwa ajikamue, kisha hupima kwa sentimeta umbali wa sehemu iliyoshuka kutoka mlango wa uke. Daraja la kwanza sehemu hiyo bado iko ndani, zaidi ya sentimeta moja juu ya mlango. Daraja la pili iko karibu na mlango, isiyozidi sentimeta moja juu wala chini yake. Daraja la tatu imetoka zaidi ya hapo. Daraja la nne uke umegeuka nje karibu wote. Wanawake wengi wa daraja la pili hawana taabu yoyote, na hawahitaji kupasuliwa. Kwa hiyo asilimia 64.6 isisomwe kama idadi ya wagonjwa wanaongoja kisu.

Kilimanjaro si Pwani. Hata hivyo, jembe, kuni na ndoo ya maji vinajulikana Maneromango kama vinavyojulikana Rombo.

4. Kufaulu maana yake nini?

Mwanafunzi wa sayansi hujifunza mapema kwamba kipimo kikibadilika, jibu nalo hubadilika. Hapa tuna mfano mzuri sana. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichukua kundi moja la wanawake waliokuwa wamepasuliwa miaka miwili kabla, wakayapima matokeo yao kwa tafsiri 18 mbalimbali za neno "kufaulu". Kwa tafsiri kali kuliko zote, waliofaulu walikuwa asilimia 19.2. Kwa tafsiri nyepesi kuliko zote walikuwa asilimia 97.2. Wanawake ni wale wale na upasuaji ni ule ule. Kilichobadilika ni rula.

Watafiti hao waligundua jambo jingine. Mwanamke kutohisi tena uvimbe ndiko kulikokubaliana zaidi na kauli yake kwamba amepata nafuu. Sentimeta peke yake hazikutosha. Mtu aweza kuwa na mshuko mdogo machoni pa daktari na huku yeye anaishi vizuri. Na mwingine aweza kusifiwa kwa kipimo ilhali anavuja mkojo au anaumia.

Kwa sababu hiyo, mafanikio yapimwe kwa maswali matatu yanayokwenda pamoja. Je, viungo viko mahali pake? Je, mgonjwa haoni tena uvimbe wala taabu? Je, hakuhitaji kutibiwa upya? Msomaji akiona gazetini kwamba upasuaji fulani "umefaulu kwa asilimia 95", aulize kwanza: umepimwa kwa lipi, na baada ya muda gani?

5. Mwili wa mgonjwa

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha mambo yanayoandamana na kurudi kwa mshuko. La kwanza ni kung'oka kwa misuli ya sakafu ya nyonga kutoka katika mfupa, jeraha linalotokea wakati wa kuzaa na ambalo mara nyingi halionekani kwa macho. La pili ni ukubwa wa mshuko kabla ya upasuaji: mgonjwa wa daraja la tatu au la nne yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko wa daraja la pili. Mengine ni upana wa uwazi wa sakafu, na kuwapo kwa ndugu wa ukoo mmoja wenye tatizo hilo.

Turudi kwa mfano wetu wa meli. Misuli iliyong'oka ni maji yaliyopwa. Kamba mpya itafungwa, lakini uzito utazidi kuielemea.

Jambo la pili linatugusa sana sisi wa vijijini. Mwanamke anayenyamaza miaka kumi hufika hospitali akiwa na mshuko mkubwa, pengine na vidonda juu ya nyama iliyosuguliwa na nguo. Aibu, ambayo yaonekana kuwa jambo la moyo tu, hugeuka kuwa sababu ya kitaalamu ya kushindwa kwa upasuaji.

Kuna pia mambo yanayoweza kurekebishwa kabla ya kupasuliwa. Upungufu wa damu utibiwe. Vidonda vipone kwanza. Sukari iliyopanda ishushwe, kwani huchelewesha kupona na hukaribisha usaha. Kikohozi cha muda mrefu kichunguzwe, kiwe ni kifua kikuu, pumu, au madhara ya moshi wa kuni na tumbaku. Kikohozi kikali chaweza kupandisha msukumo wa tumbo kuliko hata kuinua mzigo wa wastani. Kufunga choo kutibiwe kwa maji ya kutosha, mboga na matunda.

6. Mikono ya mpasuaji

Kosa la kifikra linalopatikana kwa wengi ni kudhani kwamba kizazi kikitolewa, ugonjwa umekwisha. Mji wa mimba haukushuka kwa hiari yake. Ulikuwa abiria katika chombo ambacho kamba zake zimelegea. Ukiondolewa bila ya kilele cha uke kufungwa mahali imara, uke wenyewe waweza kushuka baadaye, ukavuta kibofu au utumbo pamoja nao.

Takwimu zinathibitisha jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwafuatilia kwa miaka kumi wanawake wazee waliorekebishwa ukuta wa mbele wa uke. Waliorekebishwa ukuta huo peke yake, asilimia 20.2 walipasuliwa tena. Wale ambao kilele cha uke nacho kilifungwa, ni asilimia 11.6 tu. Kwa hiyo uchunguzi kamili kabla ya upasuaji, wa mbele, nyuma na kilele, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Njia za kufunga kilele ni nyingi. Mwaka 2014 njia mbili zinazotumia kano za mgonjwa mwenyewe zililinganishwa, na baada ya miaka miwili matokeo yake yalikuwa karibu sawa: takriban wanawake 60 katika kila 100 walifaulu kwa kipimo kikali. Njia nyingine ni kongwe. Katika mji wa Manchester, Uingereza, daktari Archibald Donald alianza mwaka 1888 upasuaji unaofupisha shingo ya mji wa mimba na kukaza kano zake bila ya kuuondoa mji wenyewe. Mwaka 2023 jaribio la Uholanzi lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili njia hiyo ilifaulu kwa asilimia 87.3, ikilinganishwa na asilimia 77.0 ya njia mpya zaidi ya kuufunga mji wa mimba kwenye kano ya nyuma ya nyonga. Hapa pana somo: upya wa njia si uthibitisho wa ubora wake.

Somo hilo lilikwisha kulipiwa gharama kubwa katika nchi tajiri. Wavu wa plastiki uliwekwa kupitia ukeni kwa wanawake wengi ili kuimarisha kuta. Baadhi yao walipata maumivu ya kudumu, na wavu ukatoboa nyama. Uingereza ilisimamisha matumizi hayo Julai 2018, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru mwezi Aprili 2019 kwamba nyavu za aina hiyo kwa tatizo hili zisiuzwe tena.

7. Jeraha na wakati

Baada ya kushonwa, kazi yote ya kubeba hufanywa na nyuzi za daktari. Mwili huanza kutengeneza kolajeni, ambayo ni protini ya kovu, lakini hauna haraka. Katika ngozi, ambako jambo hili limepimwa vizuri, baada ya majuma matatu jeraha huwa na karibu robo tu ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya miezi mitatu hufika asilimia 80 hivi, wala haliirudii nguvu ya mwanzo kabisa. Nyuzi nyingi huyeyuka katika kipindi hicho hicho. Hivyo upo wakati ambapo nyuzi zinadhoofika na kovu bado ni changa.

Kwa kawaida mgonjwa huambiwa asiinue kitu kizito kwa muda wa majuma sita au zaidi. Je, shauri hilo lina ushahidi? Sayansi hutudai ukweli: ushahidi wake si mwingi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 lilionyesha kwamba wanawake walioruhusiwa kurudia shughuli zao mapema, kadiri walivyojisikia, hawakupata matokeo mabaya kuliko waliozuiwa. Habari hiyo ni njema, kwa kuwa yatuonya tusiwatishe wagonjwa hata wakaogopa kutembea. Lakini shughuli za mjini Marekani si shughuli za shambani Mzenga.

Na tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na uzito wake ni karibu nyutoni 200. Mwanamke akiteka ndoo nne kila siku kwa majuma sita, atakuwa ameinua ndoo 168, yaani kilo 3,360, zaidi ya tani tatu. Kila ndoo huinuliwa toka chini hadi kichwani, naye akiwa ameinama na kubana pumzi. Matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wasiobeba tani hizo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwa anayezibeba. Mpaka ushahidi wa kwetu upatikane, busara ni kumpunguzia mgonjwa mzigo na kumwacha atembee.

8. Nyumbani Kibaha na Kisarawe

Sasa twaweza kurudi kwa wanawake wetu wawili. Yule wa mjini ana bomba uani, na kituo cha afya kiko karibu. Akipata homa au kutokwa na usaha huonwa siku ile ile. Yule wa kijijini hutegemea kisima, kuni na shamba la muhogo, na akitaka kurudi kwa daktari hana budi kutafuta nauli. Daktari wao alikuwa mmoja, lakini majuma sita yao hayakufanana.

Inafaa kukumbuka historia ya Kibaha. Mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963, na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima, na kituo cha afya ambacho kimekua kuwa hospitali ya Tumbi, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Wazo lake lilikuwa kwamba ujinga, maradhi na umaskini havipigwi vita kimoja kimoja. Ugonjwa huu walithibitisha wazo hilo.

Maji nayo yana nafasi yake. Mtambo wa Ruvu Juu, huko Mlandizi, umekuwa ukisukuma maji kuelekea Dar es Salaam tangu mwaka 1959, lakini mji wa Kisarawe ulingoja hadi Juni 2020 ulipozinduliwa mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe. Mhandisi anayelaza bomba hajioni kama mganga. Hata hivyo, kila bomba linalofika kijijini huondoa ndoo kichwani mwa mwanamke aliyeshonwa, na pia mwa yule ambaye bado hajaugua.

Yafaa pia kusema kwamba si kila mgonjwa anahitaji kisu. Mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, yakifundishwa na mtaalamu, hupunguza taabu za mshuko mdogo. Pesari, yaani kifaa laini cha umbo la pete kinachowekwa ukeni kuvizuia viungo, humfaa hata mwenye mshuko mkubwa ambaye hataki au hawezi kupasuliwa, mradi kisafishwe na kukaguliwa kwa vipindi.

9. Hitimisho

Kwa muhtasari, upasuaji wa viungo vilivyoshuka una nafasi nzuri zaidi ya kufaulu iwapo mgonjwa amekuja mapema. Iwapo damu, kikohozi, sukari na choo vimeshughulikiwa kwanza. Iwapo kilele cha uke kimefungwa mahali imara. Iwapo mgonjwa amepewa nafasi ya kupona. Na iwapo ameulizwa mwenyewe kama amepata nafuu.

Kati ya mambo hayo matano, mawili hayahitaji shahada yoyote. Mwanafunzi aliye nyumbani wakati wa likizo aweza kuteka maji badala ya mama au bibi aliyetoka hospitali, wala isiwe kazi ya binti peke yake. Na mwalimu wa bayolojia aweza kuvitaja viungo hivi darasani kwa majina yake, kwa heshima na bila kicheko, ili msichana wa leo asije akanyamaza miaka kumi hapo kesho.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa kutumia mfano wa meli gatini kwa nini kuondoa mji wa mimba peke yake si tiba kamili ya mshuko.

2. Wanawake 200 wamepasuliwa. Wasiohisi uvimbe ni 170. Ambao vipimo vyao vimerudi daraja la kwanza au chini yake ni 110. Wenye sifa zote mbili ni 100. Kokotoa asilimia ya mafanikio kwa kila kipimo, kisha useme ungechagua kipi, na kwa nini.

3. Kwa nini matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi moja hayawezi sikuzote kutumiwa katika nchi nyingine? Toa mifano miwili isiyokuwa ya tiba.

4. Pima umbali kutoka nyumbani kwenu hadi mahali mnapoteka maji, na uhesabu kilo zinazobebwa na kila mtu wa kaya kwa juma moja. Je, mzigo umegawanywa kwa haki?